Honda CRF300L kwenye milima ya Italia: maoni ya fundi wa Malindi

Nianze na hukumu, maana mtu anayetaka kununua pikipiki hataki kuzungushwa. Kwa anayekwenda peke yake kwenye njia za mawe, mbali na watu, Honda CRF300L ndiyo niliyoiamini kuliko zote nilizowahi kupanda. Sisemi hivi kwa kusoma karatasi zake. Niliikodi Italia, nikaipandisha milima ya Alps upande wa Piemonte, peke yangu, na mkoba mmoja nyuma na spana nilizotoka nazo nyumbani.

Mimi ni fundi. Gereji yangu iko Malindi, na kutwa mikono yangu imo ndani ya Boxer na TVS za vijana wa boda. Msimu wa kaskazi Wataliano wakija, huniletea na pikipiki zao pia, na wenyewe wakikaa kwenye benchi kungoja, hadithi yao ni moja tu: njia za milimani kwao. Finestre, Assietta, Sommeiller. Majina hayo niliyajua kabla sijapata pasipoti, na Kitaliano chenyewe nilikiokota papo hapo, kati ya oili na cheni. Dada yangu ameolewa kule, bonde la Susa, chini kabisa ya milima hiyo, naye ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko. Mambo ya visa siyarefushi: ada ni euro 90, bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na kibali cha kimataifa cha udereva nilikichukua hapa hapa Kenya kabla ya kuondoka. Usiende bila hicho.

Siku niliyoaga gereji, kijana wangu mmoja wa kazi aliniuliza, "Fundi, sasa ukianguka huko juu peke yako, nani atakuinua?" Wenzake wakacheka, lakini yule kijana aliuliza swali la maana kuliko yote ninayoulizwa kuhusu pikipiki. Watu huulizia spidi. Huulizia nguvu za farasi, huulizia kutoka Malindi hadi Mombasa inakula mafuta mangapi. Anayekwenda peke yake aulize kwanza: ikilala chini, nitaisimamisha?

Hilo ndilo lililonifanya nikatae pikipiki ya kwanza niliyopewa dukani. Mhudumu, bwana mstaarabu, alinipeleka moja kwa moja kwenye BMW R 1250 GS, akaniambia wageni wote huitaka hiyo. Ni mashine nzuri, siipingi. Lakini ina kilo 249 ikiwa na mafuta, na mimi nina kilo 66. Pembeni, karibu na ukuta, ilikuwa CRF300L nyekundu, kilo 142 ikiwa tayari kwa safari. Nikaishika usukani, nikailaza pole pole mpaka karibu igonge sakafu, nikairudisha juu kwa mikono yangu. Mhudumu akanitazama. Nikamwambia, hii.

Sasa nieleze ilivyo. Injini ni silinda moja, cc 286, inapozwa kwa maji, inatoa nguvu za farasi 27 au zaidi kidogo. Mwenye Boxer 150, ambaye amezoea kama 12, ataiona nyingi. Mwenye mapikipiki makubwa ataiona ndogo. Gia ni sita. Tairi la mbele ni inchi 21, la nyuma 18, rimu za spoki, ndani mna tyubu, na hilo kwangu ni jambo jema kwa sababu pancha ya tyubu naimaliza mwenyewe njiani kwa kiraka na pampu. Kutoka ardhini hadi tumbo la injini ni milimita 285. Jiwe linalopiga sahani ya Boxer, hii inalipita juu bila kuligusa.

Kutoka Susa, mji ulio kwenye kama mita 500 juu ya bahari, unapita Meana na kuanza kupanda Colle delle Finestre. Mwanzo ni lami nyembamba ndani ya msitu, kona juu ya kona, halafu lami inakatika na kilomita 8 za mwisho ni changarawe tupu mpaka juu, mita 2,178. Wapenzi wa mbio za baiskeli huijua njia hiyo kwa Giro d'Italia, iliyopita hapo mara ya kwanza mwaka 2005. Nilipowaona waendesha baiskeli wakikanyaga pale, vijana kwa wazee, niliwapa njia kwa heshima zote.

Kona za Finestre zimekunjana kiasi kwamba unaingia na gia ya kwanza na kutoka na ya pili, tena na tena, kwa muda mrefu. Hapo klachi ndiyo inayokula mkono. Klachi ya CRF300L ni nyepesi mno. Ndani ina mpango wa kuisaidia ijikaze yenyewe injini inapovuta, kwa hivyo springi zake hazikuhitaji kuwa ngumu, na unaposhusha gia kwa haraka gurudumu la nyuma halikwami. Nilipofika juu vidole vyangu vilikuwa kama sikufanya kitu. Ukitaka kujua thamani ya jambo hilo, muulize boda yeyote anayepigana na foleni ya sokoni mchana kutwa.

Kutoka Finestre unashuka kidogo kisha unapanda tena na kuishika njia ya Assietta mpaka Sestriere, kama kilomita 34 za vumbi na mawe, karibu zote juu ya mita 2,000. Barabara ilijengwa kwa ajili ya jeshi, na juu ya mgongo wa mlima kuna mnara wa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1747, pale watu wa Piemonte walipowazuia Wafaransa. Spidi inayoruhusiwa ni kilomita 30 kwa saa, na ni spidi ya haki, kwa sababu upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni hewa. Julai na Agosti, Jumatano na Jumamosi mchana haifunguliwi kwa magari wala pikipiki, basi panga siku zako mapema. Hapo ndipo nilipoipenda pikipiki hii. Nilisimama kwenye vikanyagio, magoti yakiibana tangi, na ikawa inakwenda yenyewe chini yangu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mbele tu.

Adhuhuri ilinikuta juu huko. Nyumbani Malindi tukiswali tunaelekea kaskazini. Pale nilitafuta kwenye simu, nikaelekea kusini-mashariki, ambako ndiko kulikokuwa na kwetu pia. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa akishuka na kundi lake, kila ng'ombe na kengele shingoni. Aliponiona nimeweka kitambaa chini akalisimamisha kundi, akangoja mpaka nikatoa salamu, ndipo akapita. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu akasema ana binamu aliyewahi kuja Malindi kwa likizo. Piemonte nzima, naona, ina binamu aliyewahi kuja Malindi.

Sasa suala la hewa, maana hapa fundi lazima nizungumze. Sisi wa pwani tunaendesha usawa wa bahari, hewa nzito, injini inavuta vizuri. Ukipanda, hewa inapungua, na kwa kila mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Pikipiki ya kabureta inaadhirika mara mbili: nguvu zinapungua, na juu ya hapo kabureta haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kumimina petroli ile ile. Mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, plagi inapata masizi, injini inakohoa. Mwenye kuipeleka Boxer ya Malindi hadi Limuru ameshayaona haya. CRF300L ina injekta. Sensa zake zinapima hewa inayoingia na moshi unaotoka, na kompyuta inapunguza petroli ipasavyo. Nguvu zinapungua vile vile, hilo hakuna wa kulizuia, lakini injini inabaki safi. Karibu na mita 3,000 zile farasi 27 naziweka kwenye 19 hivi, na zilitosha, kwa sababu zilikuwa na mzigo mdogo wa kuvuta. Hapo tena uzito unarudi.

Mita hizo 3,000 ni za Sommeiller. Unaanzia Bardonecchia, unapita kijiji cha Rochemolles na bwawa lake, unafika nyumba ya wapanda mlima ya Scarfiotti, na baada ya hapo njia inabadilika kabisa. Ilichongwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wa kuteleza kwenye barafu wakati wa kiangazi. Barafu yenyewe imekwisha kuyeyuka na mitambo imeondolewa, imebaki njia. Tangu 1966 wapenda pikipiki hukusanyika huko kila mwaka kwa mkutano wao wa Stella Alpina. Jina la mlima ni la Germain Sommeiller, mhandisi wa handaki la reli la Fréjus lililofunguliwa 1871, na handaki lenyewe linapita chini ya milima hiyo hiyo.

Karibu na juu, kwenye kona iliyojaa mawe yaliyolegea ukubwa wa nazi, gurudumu la mbele likapanda jiwe, jiwe likaviringika, na pikipiki ikalala upande wa kushoto. Spidi ilikuwa ya mtu anayetembea, sikuumia. Nikazima injini. Pande zote ilikuwa mawe, madoa ya theluji, upepo, na simu haikuwa na mtandao. Nikaipindua usukani kuelekea chini, nikaacha gia ndani isije ikateremka, nikaipa mgongo pikipiki, mkono mmoja kwenye hendeli na wa pili kwenye chuma cha chini ya kiti, nikachuchumaa na kuisukuma kwa miguu, hatua ndogo ndogo kurudi nyuma. Ikasimama kwa mara ya kwanza. Nikaangalia wenzo wa klachi: mzima. Kikanyagio cha gia kilijikunja kidogo, nikakirudisha kwa mkono. Nikabonyeza stata, ikawaka. Kwa kilo 249, pale, na pumzi iliyokatika ya mtu wa pwani, ningekaa nikimngoja mpita njia, na jioni milimani ngurumo za mvua huja haraka. Nilimpigia kijana wangu nilipopata mtandao chini. Nikamwambia, "Nimeiinua mwenyewe."

Kushuka nako kuna mambo yake. Ukishika breki kilomita nyingi mfululizo, diski inapata moto, moto unaingia kwenye mafuta ya breki, na kama mafuta hayo ni ya zamani yameshanyonya maji kutoka hewani. Maji yanachemka kabla ya mafuta, mvuke unajaa, na ghafla wenzo unazama mpaka kwenye mpini bila kushika kitu. Ndiyo maana kabla ya kuondoka dukani nilifungua macho nikaangalia rangi ya mafuta kwenye kikombe cha breki: yalikuwa meupe, mapya. Juu ya hayo niliteremka kwa gia ya pili, injini ikishika. CRF300L ina ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kukwama ukishika breki, na ya nyuma ina swichi ya kuizima. Kwenye changarawe nilikuwa naizima, gurudumu la nyuma likajikokota kidogo kunisaidia kugeuka. Ya mbele iachwe kazini.

Mwisho nilikwenda kusini, Limone Piemonte, kuipanda Alta Via del Sale mpaka Monesi. Ni kilomita 39, njia ya kulipia, na Jumanne na Alhamisi ni ya waendao kwa miguu na baiskeli peke yao. Maana ya jina ni njia ya chumvi, kwa kuwa zamani chumvi ilipita milima hiyo kutoka baharini. Nilikumbuka malori ya chumvi ya Gongoni. Mandhari yake sitaki kuyaeleza sana, watu wameyapiga picha kunishinda. Nitasema tu kwamba kuna kona moja iliyojengwa kwa mawe juu ya shimo la kutisha, na niliteremka kwenye pikipiki nikasimama pale muda mrefu.

Sasa upande ambao watu hawautaji. Tangi ni lita 7.8. Kwa hesabu ya Honda pikipiki hii inakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa lita, na kwenye lami tambarare nakubali. Kwenye kupanda kwa gia za chini hesabu inapungua, na mimi nilijiwekea sheria: nikishapita kilomita 150, sheli ya kwanza naingia. Juu ya Assietta hakuna sheli. Jaza Susa, jaza tena Sestriere. Kuna dada yake, CRF300 Rally, tangi lita 12.8 na kioo cha upepo mbele, kilo 153. Anayetaka kufunga safari ndefu ya lami afikirie hiyo.

Springi zake ni laini na zina mwendo mrefu, milimita 260. Kwa mtu wa uzito wangu na mkoba mdogo zilikuwa raha tupu, zinameza kila jiwe. Lakini zimepimwa kwa mtu mmoja. Mwenye kilo 90 na masanduku pande mbili ataikalisha chini, na atahitaji springi ngumu zaidi kabla hajaanza safari. Kiti nacho ni chembamba. Kinakufaa ukiwa umesimama kwenye njia mbovu, kwa sababu hakikuzuii miguu. Kwenye barabara kuu, saa mbili mfululizo, mapaja yatakulaumu.

Kuhusu duka nililokodi, jina nalihifadhi, lakini kazi yao nitaisema. Bei ilikuwa zaidi ya euro 100 kwa siku, na walizuia amana kubwa kwenye kadi. Debit haikukubaliwa, ikabidi shemeji atoe kadi yake, jambo ambalo wangelisema tangu kwenye barua pepe. Kilichoniudhi hasa ni cheni. Ilikuwa imekazwa mno. Pikipiki yenye springi za mwendo mrefu ikizama, mkono wa nyuma unapanda na umbali kati ya spoketi mbili unaongezeka. Cheni isiyo na nafasi hapo inavuta beringi za sanduku la gia kwa nguvu zote, na siku moja inakatika au inavunja kitu ndani. Niliomba spana kubwa ya ekseli ya nyuma, nikailegeza hapo hapo mbele yao, nikawaonyesha kwa kidole inavyotakiwa kucheza. Kijana wao wa gereji alisikiliza vizuri, akauliza, akashukuru. Bosi wake alikuwa kwenye simu. Upepo wa tairi pia ulikuwa wa lami, nikaupunguza nilipofika changarawe na kuurudisha niliposhuka kwa pampu yangu. Kwa upande wa haki: pikipiki ilikuwa safi, oili mpya, tairi zenye meno, na siku ya kurudisha waliikagua pamoja nami bila kutafuta ugomvi juu ya mikwaruzo ya Sommeiller.

Na hapa kwetu? Vijana wameniuliza sana tangu nirudi. Njia ya Marafa, njia ya Kakoneni kuelekea lango la Sala la Tsavo, mchanga wa Mambrui na Ngomeni: hizo zote ni kazi yake, na masika udongo mweusi ukinata, uzito mdogo utakuokoa kuliko nguvu nyingi. Kwa kubeba abiria wawili na gunia la mahindi, hapana. Boxer inabaki mfalme, vipuri vyake viko kila kona ya mji, na injekta ikileta shida huwezi kuitengeneza kwa bisibisi na pumzi kama kabureta. Chumvi ya bahari nayo haina huruma na spoki wala na springi za nyuma. Ukiishi Malindi, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, na cheni uipake oili kabla haijakauka.

Jambo la mwisho ni kimo. Kiti kiko milimita 880 kutoka ardhini. Mimi nafika kwa vidole vya miguu, si kwa kisigino, na kwenye mawe nilikuwa nachagua mguu wa kuteremsha kabla ya kusimama. Aliye mfupi kuniliko asinunue kwa kuipanda dukani kwenye sakafu ya saruji. Aombe kuijaribu nje, penye mteremko na mchanga, asimame nayo, aigeuze mzunguko mzima kwa miguu, kisha ailaze na kuiinua peke yake mara mbili.